Nambari Mbili ya Attracta

Tangu baba yao afariki, diwani wa Kilbrack hasa alikuwa Attracta Tarpey, ingawa jina kwenye karatasi ya kura lilikuwa la kaka yake, Malachy. Malachy alivaa tai na kupeana mikono na watu mazishini. Attracta ndiye aliyepokea simu za wenye mashimo barabarani na za vikongwe waliocheleweshewa kadi za matibabu, akawakaripia wote na kuwatatulia shida zao. Hakuolewa. Kile kiti cha halmashauri ndicho kilichokuwa mumewe na wanawe.

Ndiyo maana alimchukia Fergal Durkan, na hakuficha. Chama kilimsimamisha kijana huyo sambamba na Malachy, eti kipate viti viwili. Kwa kura za huko, mpigakura huandika moja kwa amtakaye kwanza na mbili kwa anayemfuata, na mgombea wa mkiani hutolewa. Attracta hakuweza kulitaja jina lake bila kukunja uso.

Wiki moja kabla ya uchaguzi, Durkan aliingia baa ya Hession akamlilia Malachy mbele ya watu kwamba ataanguka. Malachy, bia mkononi, akavimba kichwa.

"Mimi nimeshapita, jamani," akasema. "Mpeni kijana nambari moja. Mie mbili zinanitosha."

Attracta alimngojea jikoni.

"Wewe una akili kweli? Mbili haisomwi mpaka mwenye moja atolewe. Umemgawia kiti cha baba kwa glasi ya bia."

"Ule ulikuwa utani tu, dada. Watu wetu wananijua."

"Wanakujua, na wanakuamini pia, wapumbavu wale."

Siku ya kuhesabu kura Attracta alisimama kwenye kizuizi cha ukumbi wa michezo, penseli mkononi, akichungulia karatasi zikikunjuliwa, kama wafanyavyo watu wa kila chama. Sanduku la Kilbrack likamwagwa mezani. Durkan moja, Malachy mbili. Durkan moja, Malachy mbili.

Kando yake alikuwa Nuala Hession, mwenye baa.

"Hata wewe, Nuala?"

"Shoga, si alisema mwenyewe? Nimempa mbili yangu kwa moyo mweupe."

"Kapikie supu hiyo mbili yako."

Ilipofika jioni Malachy ndiye aliyekuwa mkiani, akatolewa. Karatasi zake zikarudishwa mezani, kila moja ipelekwe kwa yule aliyeandikiwa mbili. Karibu zote zilikwenda kwenye rundo la Durkan. Watu wa Tarpey hawapigi kura nje ya chama. Ndivyo marehemu mzee Tarpey alivyowazoesha, wao na watoto wake. Attracta mwenyewe, kwenye kile kibanda cha kura, alikuwa akimtukana Durkan kimoyomoyo huku mkono wake ukimwandikia mbili. Wakati ule aliona haidhuru, kwa kuwa Malachy hawezi kutolewa. Sasa karatasi yake ilikuwa humo rundoni, haitambuliki, ikimhesabia adui.

Kura hizo zikamvusha Durkan. Akaja amenyoosha mkono, macho yamemlowa.

"Bi Attracta, bila kura za kwenu nisingepita. Nashukuru sana."

"Najua," akasema Attracta, mikono yake ikabaki mifukoni mwa koti. "Mojawapo ni yangu. Wewe huenda nikakusamehe, lakini huu mkono wangu ulioiandika, kamwe."

Akamwita Malachy waende nyumbani.