Gari Lililopanda Dungu

Nimeendesha mabasi ya kusini miaka ishirini na saba, na miaka yote hiyo nilikuwa mtu wa kupitwa. Basi lina ratiba yake, na lina abiria wa kiti cha nyuma anayepiga kelele ukiongeza mwendo kidogo tu. Kila nilipoingia kwenye mnyoosho wa kuelekea Ikwiriri, kagari kadogo ka milango miwili kalitokea nyuma yangu, kamekaa chini kama bata, na kabla sijamaliza kukatazama kwenye kioo kalikuwa kameshanipita. Nikajisemea kwamba siku nikistaafu, na mimi nitawapita watu.

Nikastaafu. Kiinua mgongo kikaingia, na mke wangu, Mama Zena, akakigawa kabla sijakizoea. Sehemu kubwa ni ya bati, maana nyumba yetu ya Mbagala tunaishi vyumba viwili tu vyenye paa, vingine vinne ni kuta na mawingu. Kilichobaki ni cha gari. "Nunua hilo gari lako la ujana," aliniambia. "Lakini siku litakayogusa hela ya bati kwa ajili ya spea, linauzwa siku hiyohiyo, na habari ya magari isiingie tena nyumbani kwangu." Nilikubali. Nilikuwa na jibu gani jingine?

Niliyemwendea kwa ushauri ni Fundi Hamza, aliyekuwa akitutengenezea mabasi. Alinisikiliza huku akifuta mikono, kisha akasema kulinunua gari la spoti lililotumika ni kazi ndogo, kulitunza ndiyo shughuli. Lenye taabo, ile ya kuongezea injini nguvu, litanipa raha, lakini likiharibika spea yake naagiza na kusubiri. La injini ya kawaida, ile inayowekwa hata kwenye magari ya familia, spea yake iko kila duka. Na nisikubali kukuta injini imeshapashwa moto, maana ikiwa ya moto inaficha maradhi yake. Injini niikute baridi, niiwashe mwenyewe.

Nilikuwa na magari mawili ya kwenda kuyaona. Moja lilikuwa Kibiti, nililolipata kwenye simu kwa dalali, jekundu, na picha yake nilikuwa nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyopenda ijulikane. La pili lilikuwa Ikwiriri kwa mfanyabiashara wa mchele na ufuta. Hilo sikuwa na picha yake.

"Nakuja na wewe," alisema Mama Zena. Yeye ni Mndengereko wa Ruaruke. "Kule ni kwetu. Wewe Mnyamwezi wa Tabora utakuja kuuziwa mtumbwi."

Saa kumi na mbili asubuhi tulipanda basi Mbagala. Dereva alikuwa kijana niliyemfundisha mimi, na alinipigia honi kabla hata sijakaa. Kuwa abiria kwenye barabara yako mwenyewe ni adhabu. Hadi tunapita Mkuranga nilikuwa nakanyaga breki hewani, na Mama Zena ananipiga goti nitulie.

Saa tatu tukashuka Kibiti. Dalali alikuwa anatusubiri upande wa pili wa barabara, na gari lilikuwa mbele ya duka, linawaka. Niseme ukweli, nililipenda palepale. Lilikuwa jekundu hasa, limepakwa polishi mpaka unajiona ndevu, rimu pana, na injini inaunguruma kwa chini. Niligusa boneti, ilikuwa ya moto. Maneno ya Fundi Hamza nikayasikia vizuri, nikayaweka pembeni.

"Nimekupashia, mshua, usisumbuke," alisema dalali. "Hii ina taabo. Ukikanyaga, mama atafunga macho."

"Nitafunga macho kwa bei yake," alisema Mama Zena, akaingia kiti cha abiria ili aone kama miguu itamtosha. Mimi nilikuwa nje, nimeshaanza kutabasamu ovyo. Akavuta mkanda wa kiti. Mke wangu ni mtu aliyejaa, na mkanda haukufika, kwa hiyo akaendelea kuuvuta, akauvuta mpaka mwisho kabisa, sehemu ambayo mtu mwembamba hawezi kuifikia maisha yake yote. Kisha akaniita jina langu lenyewe, si Baba Zena, na hilo hutokea kwa nadra.

"Rajabu. Njoo."

Kipande cha mwisho cha mkanda kilikuwa na mstari wa kahawia uliokauka. Mama Zena aliukwangua kwa kucha, akausaga vumbi lake kati ya vidole viwili, akaunusa. "Hili ni tope la bondeni," alisema. "Nimelilima tangu nikiwa mtoto. Hili ndilo linaloota mpunga."

"Vumbi tu hilo, mama yangu," alisema dalali.

"Vumbi halipigi mstari." Akainama, akainua zulia chini ya miguu yake. Harufu iliyotoka niliisikia nikiwa nje. Gari lile lilikuwa limezama mwaka ule mto Rufiji ulipofurika, limezama hadi mabegani, kisha likafuliwa na kupakwa rangi. Nyaya zake zote zimelala kwenye maji, na gari la nyaya zilizolala kwenye maji linaanza kukuumbua ukifikisha nalo miezi mitatu, leo taa, kesho kontroli boksi. Dalali akaanza kusema yeye ni dalali tu, mwenye mali yuko Dar. Sikumgombeza. Mkono wangu ulikuwa umeshafika mfukoni penye hela ya kutanguliza, nikautoa mtupu.

Saa tano tulikuwa kwenye basi jingine kuelekea Ikwiriri. Mama Zena hakunisimanga, akanimenyea chungwa tu, na hapo nikajua ameogopa kama mimi.

Ikwiriri tulifika kabla ya adhuhuri. Mwenye gari anaitwa Bwana Jayanti, mzee Mhindi aliyezaliwa hapohapo, na godauni lake liko upande unaoteremkia bondeni. Tulimkuta anapima ufuta.

"Shikamoo, babu," alisema Mama Zena.

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi weye?"

"Ruaruke."

"Aa! Basi u mwenyeji. Kaeni, mnywe chai kwanza. Gari halitoroki, halina hata petroli ya kutorokea."

Gari lilikuwa chini ya turubai. Rangi yake ya kijivu imefifia juu ya paa, na bampa la nyuma lina mkwaruzo. Lilikuwa la mwanawe aliyehamia ng'ambo. Nilifungua boneti: injini baridi kama jiwe la bafuni, haina taabo, ile ya kawaida aliyonitajia Fundi Hamza. Nikaanza kupata matumaini, lakini baada ya Kibiti nilikuwa mkali.

"Lina historia gani, mzee?" niliuliza. "Uniambie yote."

"Sikufichi, mwanangu. Mwaka ule wa maji lilipanda dungu. Likakaa huko miezi miwili."

Mimi ni dereva. Nikiambiwa gari limepanda tuta, au limepanda ukingo wa daraja, najua kilichofuata ni nini: chesesi imepinda, injini imeshuka, na fundi amepata kazi ya mwaka mzima. Dungu sikulijua, ila "lilipanda" lilinitosha. Na miezi miwili huko huko! Nilifunga boneti kwa kishindo.

"Twende zetu, Mama Zena. Hili limepata ajali."

Mama Zena alinitazama. Bwana Jayanti akanitazama. Kisha mke wangu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta wa godauni, na mzee wa watu akavua miwani kufuta machozi.

"Njoo uone hiyo ajali," alisema Bwana Jayanti, akatuzungusha nyuma.

Kulikuwa na kitu kama kitanda cha jitu: boriti nene za mikoko, zilizoletwa kwa mashua kutoka Kiongoroni, huko mto unakoingia baharini, zimesimamishwa ardhini, juu zimetandikwa mbao, na ubavuni kuna mteremko wa kupandishia. Boriti zilikuwa na mstari wa kahawia, uleule wa kwenye mkanda, lakini uliishia kwenye kimo cha goti langu. Mbao zilikuwa juu ya kifua changu.

"Watu walinicheka," alisema mzee. "Wanasema Jayanti amejengea gari dungu, sasa atalilindisha ndege wa mpunga. Maji yalipokuja, magunia yangu thelathini yaliharibika. Gari likabaki juu linatazama."

Nikamgeukia mke wangu. "Dungu ndilo hili?"

"Hili la gari. Letu lilikuwa na paa la makuti. Mnapanda huko msimu wa mpunga, maji yanapita chini, mnalinda shamba, mnalala, mnapika. Baba Zena, si nilikwambia mimi nimezaliwa dunguni?"

Aliniambia, mwaka tuliooana. Nami nilichukulia ni jina la kijiji. Nilipomjazia fomu za kitambulisho, penye mahali pa kuzaliwa niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, "Dunguni, Rufiji", na karani akagonga muhuri. Nilimwambia hilo palepale, na kicheko kikaanza upya.

Baada ya hapo nilifanya kazi yangu bila haraka. Nilivuta mikanda yote hadi mwisho, misafi. Niliinua zulia, nikakuta vumbi kavu na shilingi kumi ya zamani. Tukalimiminia petroli ya dumu, injini ikapiga chafya mara mbili, ikashika. Maradhi lilikuwa nayo: klachi inateleza, rejeta inavuja, tairi zimepasuka mbavuni kwa kukaa, na taimingi belti hakuna anayejua ilibadilishwa lini. Nilimpigia simu Fundi Hamza, nikamsomea orodha. Akanitajia gharama ya kimoja kimoja bila kufikiri, kisha akasema, "Yote hayo nayapata mtaani kesho asubuhi. Chukua." Nilipojumlisha na bei ya gari, hela ya bati haikuguswa. Nilikaa kwenye gunia la ufuta, nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu Kibiti. Mama Zena akasema alhamdulillahi kwa niaba yetu wote wawili.

Nikamlipa Bwana Jayanti, na fundi wa Ikwiriri akatuwekea tairi za kufikia nyumbani na kuiziba rejeta. Saa kumi alasiri tuliaga. Barabarani nilikwenda mwendo wa bibi harusi kwa ajili ya klachi, na mabasi yote yalinipita. Wa mwisho alikuwa yule kijana wangu wa asubuhi, na alipiga honi kutoka Kibiti mpaka alipotoweka. Sikujali. Nilikuwa nimekaa chini kama bata, na nina raha.

Nilikuwa na muda wa kuuliza maswali. Gari lile nililijua kwa siku moja, na tayari nilikuwa nimeuliza lilizaliwa wapi, lililala wapi, maji yalifika wapi. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu ninaye miaka ishirini na sita. Nikauliza maji yalikuwaje siku aliyozaliwa.

"Yalituzunguka pande zote," alisema Mama Zena. "Mkunga alikuja na mtumbwi, akapanda ngazi akiwa amelowa mpaka kiunoni. Mama alisema kitu cha kwanza nilichokisikia nilipotoka ni viboko wakikoroma majini." Akafikiri kidogo. "Mbona hukuniuliza siku zote hizo?"

Nilimwomba aendelee, na akaendelea mpaka taa za Mbagala.