Maswali ya Kuchagua ya Mwalimu Darubini

Wanafunzi walimbandika jina la Darubini, kwa sababu katika miaka yake kumi na tisa ya kufundisha sayansi hakuna kikaratasi cha kuibia kilichompita. Kwa hiyo aliposahihisha jaribio la mimea na kukuta hata wale wa dawati la nyuma, ambao daftari zao zilikuwa nyeupe pe, wamepata kumi na nane kwa ishirini, alizijumlisha alama upya.

"Mtihani umevuja," alimwambia mumewe.

"Kavujisha nani?"

Karatasi zake zilipitia mikono ya mtu mmoja tu, mchapaji wa shule, naye alikuwa wifi yake, dada wa mume huyohuyo.

Tangu hapo akakosa amani. Wifi akicheka na mzazi dirishani, Darubini anatega sikio. Akifunga droo, anajiuliza kaficha nini. Mwishowe akamwomba ufunguo wa kabati la mitihani, eti kwa siku mbili tatu. Jaribio lililofuata alilichapa mwenyewe, kwa kidole kimoja, akatoa nakala duka la mtaa wa pili, akatembea nazo mkobani kila aendako.

Wakapata kumi na tisa.

Sasa akafuta maswali yote ya kuchagua. Aliandika ubaoni: "Eleza kwa maneno yako kwa nini jani likikosa mwanga hugeuka njano." Karatasi nyingi zilirudi na jina na tarehe basi.

Akamwita msichana mmoja wa dawati la nyuma, asiyejua kuficha neno. "Sema kweli, mwanangu. Nani alikuwa anawapa majibu?"

"Wewe, mwalimu."

"Mimi?"

"Jibu la kweli unaliandika refu. Ya uongo mafupi mafupi. Sisi tunachagua refu."

Alifukua majaribio ya miaka mitatu. Refu, refu, refu. Jibu la kweli alilipenda, akalipamba mpaka likatimia. Yale mengine aliyatupia tu ili yafike manne.

Akaanza kutunga kwa mchanganyiko: maswali machache ya kuchagua, yenye majibu ya urefu mmoja, na matatu ya kujieleza, ambayo kuyasahihisha kulimla wiki nzima.

Lakini kabla ya hayo alirudisha ufunguo. "Wifi, nisamehe. Nilikudhania vibaya."

"Nilijua," wifi alisema, macho kwenye mashine. "Mtu anachapa kwa kidole kimoja halafu hataki kusaidiwa?"

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningesema nini ukaniamini?"

Karatasi ziliendelea kuchapwa, safi na kwa wakati. Ila kuanzia muhula ule wifi alizifunga kwenye bahasha kwa gundi, akatia saini juu ya mdomo wa bahasha, na hakumkabidhi Darubini hata moja mpaka mwalimu mkuu awe amesimama hapo anashuhudia.