Safari ya Roboti Yetu, Bwiza Hadi Bugarama

Tuliondoka Bujumbura kwa sababu moja: mashindano ya roboti ya Kigali. Wanafunzi wanne wa shule moja ya Bwiza, vita vikiwa vimepamba moto, tuliunda roboti inayookota makopo. Mota zake tulizitoa kwenye waipa za magari mabovu. Watu walitucheka weee! Égide, fundi wetu mkuu, mtoto wa mtaa wa Mutakura, hakujali. Alisema akishinda atapata nafasi ya kusoma huko, mbali na risasi, na mama yake atapata usingizi.

Kabla ya kuondoka tuligundua betri ya roboti imechoka. Baba Kassim, dereva wa minibasi yetu, akafungua ya kwake.

"Chukueni hii muzuri, mi munipe hiyo mubovu. Gari yangu inasukumwa tu, inawaka."

"Na kwenye konvoi ya askari?" niliuliza.

"We Asha, woga wako! Moteri sitaizima mpaka Kigali."

Tukacheka. Bwiza gari haikosi watu wa kuisukuma, ndivyo tulivyozoea. Égide akaifunga betri ndani ya roboti, akaipandisha kwenye keria juu ya gari.

Asubuhi, sisi na mwalimu wetu tulijipanga kwenye konvoi, askari mbele na nyuma. Sheria yake kila mtu aliijua: ukiharibikiwa, unaachwa.

Karibu na Bugarama kulikuwa na ukungu na baridi kali. Askari wakasimamisha magari wakague.

"Zimeni moteri zote!"

"Chef, ya kwangu iko na ugonjwa..." Baba Kassim alibembeleza. Bunduki ikaingia dirishani. Akazima.

Ukaguzi ulipokwisha, konvoi ikaondoka. Yetu ikakoroma tu, ikanyamaza. Mbele mlima, nyuma kona na korongo. Pa kusukumia hapakuwepo.

Égide akapanda kwenye keria, spana mkononi.

"Shuka, waasi watakuona!" nilimlilia.

"Apana. Nikishuka bila batri, tunakufa wote."

Akaifungua, akampa dereva, dereva akaunganisha nyaya haraka haraka. Égide alikuwa bado juu risasi zilipotoka kwenye mikaratusi.

"Washa!" alipiga kelele. Gari ikawaka, naye akaanguka. Tukamvuta ndani tukakimbia. Hakusema tena.

Mjini Kayanza tuliingia na maiti yake. Kigali hatukuiona. Mwalimu aliyetusindikiza aliuliza kama tunataka kuendelea, maana roboti ilikuwa nzima. Tukakataa, tukasema si heshima.

Kesho yake tulishuka na konvoi ya kurudi. Kule Mutakura, mama yake Égide alikuwa amekaa mkekani kati ya wanawake wenzake.

"Asha, mutoto wangu alisema nini?"

"Alisema 'washa', mama."

"Na gari iliwaka?"

"Iliwaka."

"Na ile mashini yake?"

"Iko nzima."



"Sasa mulirudi kufanya nini? Mungeenda."

Njia nzima nilijiambia kwamba tumerudi kwa heshima ya Égide. Mbele ya mama yule nilielewa kwamba tulirudi kwa woga.