Mshenga wa Bomani

Wajukuu wangu huamini kwamba zamani, chini ya Waingereza, watu wa kwetu hawakuruhusiwa kusema. Huwa siwasahihishi, kwa sababu nikiwasahihisha itanibidi nieleze na mengine. Ukweli ni kwamba tuliruhusiwa angalau mara moja. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, mbele ya boma la Bagamoyo, katika miaka ya mwanzo ya hamsini. Bwana Shauri, yaani Mzungu mkuu wa wilaya, alisimama akasema kila mtu atoe maoni yake bila hofu. Shangazi yangu akayatoa ya kwake. Mkalimani nilikuwa mimi.

Niliajiriwa bomani kwa sababu nilikuwa nimefika darasa la kumi katika shule ya serikali huko bara, jambo ambalo kwa vijana wa Dunda, mtaa wetu, wakati ule lilikuwa nadra. Shuleni tulifundishwa uraia. Kitabu chake kilikuwa na picha ya Wazungu kumi na wawili wameizunguka meza, katika kijiji kimoja cha kwao, wakijadili mfereji wa maji machafu. Mwalimu alisema huo ndio mzizi wa serikali njema: mtu kusema, na mwingine kumsikiliza. Kila Jumamosi tulikuwa na mdahalo. Mada ilichaguliwa na mwalimu, pande ziligawanywa na mwalimu, na mshindi alitajwa na mwalimu. Nilishinda mara nyingi. Wiki moja nilishinda nikitetea kwamba mkulima ni bora kuliko karani, na wiki iliyofuata nikashinda nikimtetea karani. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeiva kwa mambo ya kusema hadharani.

Elimu yangu nyingine niliipata kwa babu, baba mzazi wa baba yangu na shangazi. Babu alikuwa mshenga. Kutoka Kaole hadi Mapinga, mtu akitaka kuposa alimwita yeye apeleke maneno, na mshenga hodari hapeleki maneno kama alivyoyapokea. Upande mmoja ukisema, "Kijana wetu ameng'ang'ania tu, sisi binti mwenyewe hatukumpenda," babu alivuka mtaa, akakaa mkekani, akasema, "Wazee wanawasalimu sana, wameridhishwa na utulivu wa binti yenu." Upande wa pili ukijibu, "Waambie njaa yao tunaijua," alirudi akasema wenzao wanaomba siku mbili tatu za kushauriana. Huo haukuitwa uongo. Uliitwa kusitiri. Ndoa alizozifungisha zilidumu, na hakuna aliyewahi kuuliza hasa kilichosemwa.

Sidhani kama watu wengine wangeingia na ufundi huo bomani wasione tatizo lolote. Mimi sikuliona.

Shangazi alinilea tangu nilipofiwa na mama nikiwa na miaka minne. Kazi yake ilikuwa kukaanga samaki ufukweni, pale ngalawa zinapopakulia, yeye na wanawake wengine wanane. Walikaa mstari mmoja nyuma ya ukuta wa ghala bovu, ukuta ukiwakinga upepo, kila mmoja na mafiga yake na karai lake. Samaki alitoka majini, akapaliwa magamba, akaingia kwenye mafuta, na wanunuzi walikuwa wamekwisha kusimama wakingoja. Hiyo ndiyo biashara yote. Ukiihamisha hatua mia tatu, si ile tena.

Serikali ikajenga soko jipya juu, kando ya barabara, hatua mia tatu. Lilikuwa na sakafu ya saruji, kuta tatu, na upande mmoja wazi unaotazama bahari. Amri ikaandaliwa: moto ufukweni marufuku, wakaangaji wote wahamie ndani. Kabla ya kuitia saini, Bwana Shauri alitaka kwanza kusikia maoni ya watu. Alikuwa mgeni, amekuja kushika nafasi ya mwenzake aliyekwenda likizo ndefu, na alikuwa ametoka koloni jingine kabisa. Kiswahili chake kilikuwa maneno kama kumi na tano, mengi yakihusu maji ya kuoga. Ndiyo maana nilihitajika.

Barazani wazee walisema walivyozoea kusema, kwamba serikali ni baba na mama. Hayo niliyatafsiri bila taabu. Kisha shangazi akasimama. Wanawake hawakuwa na desturi ya kusema barazani, na liwali, mkubwa wa mji, alikohoa mara mbili, lakini Bwana Shauri alimwonyesha kwa mkono aendelee.

"Mwambie hivi," shangazi aliniambia, kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu. "Soko lake limegeuzwa. Upepo wa kusi unaingia mbele na moshi hauna pa kutokea nyuma. Tutakaa humo kama samaki wa kubanika. Na aliyelijenga hajapata kukaanga hata kibua mmoja maishani mwake. Kama anatuuliza, jibu ni hapana. Kama hatuulizi, asitupotezee asubuhi."

Watu walicheka. Bwana Shauri naye akatabasamu, maana alidhani ni jambo jema, akanigeukia.

Nakumbuka vizuri nilichokuwa nikifikiri. Nilifikiri: huyu ni mgeni na mkubwa wa watu, na huyu ni shangazi yangu na mdomo wake, na mimi nimesimama katikati, na wote wawili wanastahili kutoka hapa na heshima zao. Nikasema kwa Kiingereza kwamba wanawake wanaishukuru serikali kwa jengo hilo, na wanaomba tu, ikiwezekana, lipitishe hewa zaidi.

Bwana Shauri akainamisha kichwa kumwelekea shangazi. "Asante," akasema. Lilikuwa mojawapo ya yale maneno kumi na tano.

Shangazi akaketi ameridhika. Aliona amesikilizwa. Mimi nikarudi ofisini, nikaandika kwenye faili kwamba wakaangaji wamekubali kwa shukrani, na amri ikatiwa saini siku ya tatu yake.

Aliyenifichua ni mwenye duka wa Kihindi, ambaye shangazi alinunua mafuta kwake. Barazani wafanyabiashara waliwekewa viti vya mbele, na yeye Kiingereza alikijua vizuri kuliko mimi. Sikuwapo dukani, lakini shangazi aliyarudia maneno yake usiniulize mara ngapi.

"Bibi, hongera," alimwambia akimpimia mafuta. "Nilijua una ulimi, sikujua una asali."

"Asali gani?"

"Umeishukuru serikali. Mwanao amekusemea vizuri sana. Hata mimi nikatamani kuhamia soko jipya."

Jioni nilipofika nyumbani, chakula kilikuwa tayari. Nilisema shikamoo, akasema marahaba, akanipakulia. Kisha akaniuliza, "Juzi pale barazani nilisema nini?"

"Ulisema yaliyo moyoni mwako, shangazi."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilisema kwa adabu."

"Adabu ya nani?"

Nikamweleza habari za kusitiri. Nikamtaja babu. Akanisikiliza mpaka mwisho, na akala mpaka mwisho.

"Baba yangu alikuwa akipeleka maneno ya watu waliotaka kuoana," akasema. "Mimi na huyo Mzungu wako hatuoani." Akaondoa sahani.

Ningeweza kurudi bomani kesho yake asubuhi nikasahihisha. Nimeipima kesho ile mara nyingi katika uzee wangu, na kila nikiipima naona ilikuwa na nafasi ya kutosha. Sikwenda kusahihisha kwa sababu faili lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa mkono wangu, na mwandiko wangu ulikuwa umesifiwa. Wiki iliyofuata askari wa boma walishuka ufukweni wakafukia mafiga kwa mchanga. Bwana Shauri alistaajabu kusikia kwamba wanawake walikuwa wakipiga kelele. Aliniuliza kama hawakuwa wamekubali. Nikamwambia watu wetu hupenda kubadilisha mawazo.

Hiyo ndiyo sentensi ninayoijutia kuliko zote. Ya kwanza niliisema kwa desturi. Hii niliisema kwa makusudi.

Wakahamia. Kusi ikaanza, na moshi ukafanya kama shangazi alivyosema: uliingia ndani, ukagonga ukuta wa nyuma, ukakaa. Wanunuzi walisimama nje wakaagiza kwa kupiga ukelele. Baada ya mwezi wengi waliacha kupanda kutoka ufukweni. Wanawake watatu wakaacha kazi. Shangazi alibaki, akikaanga huku amejifunika kanga usoni, na jicho lake la kushoto likawa jekundu asubuhi na jioni.

Wakati huo nilikuwa pia nafundisha watu wazima kusoma, baada ya sala ya alasiri, kwenye baraza ya nyumba moja pale Dunda. Somo la kwanza lilikuwa herufi. La pili lilikuwa uraia, kwa kitabu kile kile chenye picha ya meza. Siku moja shangazi akaja, akaketi benchi la mbele na kibao cha kuandikia.

Lazima nieleze kwamba shangazi hakuwa mjinga wa kusoma. Alihitimu Kurani akiwa msichana, na barua za Kiswahili aliziandika kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri tu. Lakini barua yoyote ya herufi za Kiarabu ikifika bomani ilipelekwa kwa mkalimani, yaani kwangu. Alihitaji herufi ambazo Mzungu angeweza kuzitazama mwenyewe. Na mtu wa kumfundisha herufi hizo, mjini mzima, kwa saa ile aliyokuwa na nafasi, alikuwa mimi.

Alizimaliza kwa wiki tatu. Darasani aliniita mwalimu, kama wenzake, na hakuniita hivyo kwa dhihaka. Hilo ndilo lililonitia hofu.

"Mwalimu," akasema siku moja, "tuandikie 'sikukushukuru'."

Nikaliandika ubaoni. Darasa zima likanakili.

"Sasa 'alikwambia'."

Nikaliandika.

"Na 'uongo'."

Mzee mmoja seremala, aliyekaa nyuma, akauliza, "Bibi, unamwandikia mume au serikali?"

"Mume angenisoma usoni, bila barua," shangazi akamjibu.

Barua hakuileta ofisini. Alimngoja Bwana Shauri alipokuwa akitembea na mbwa wake jioni, akamkabidhi mkononi. Bwana Shauri wakati huo alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa Kiswahili, ambao maofisa walitakiwa kuufaulu, na alifurahi mno kupata barua halisi ya kujizoezea. Asubuhi yake akaniita nimsaidie. Aliisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"'Mimi ndiye mwanamke wa barazani. Sikukushukuru. Nilisema soko limegeuzwa.'" Akaendelea polepole mpaka kwenye kibua, akauliza kibua ni nini, nikamwambia ni samaki mdogo. Akaandika pembeni. "'Mkalimani wako ni mtoto wa kaka yangu. Nimemlea mimi. Alikwambia uongo.'"

Akainua kichwa. "Uongo. Hilo sijalifikia bado. Ni nini?"

Kamusi yake ilikuwa nyumbani. Alinitazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu, bila shaka hata chembe. Ningeweza kumwambia neno lolote na angeliandika pembeni, chini ya kibua. Nilikuwa nimemwona shangazi jana yake darasani, amekileta kibao karibu na uso mpaka pua inagusa chaki. Nikamwambia uongo ni nini, kwa Kiingereza, neno moja.

Aliandika. Kisha akaweka kalamu chini, akaisoma tena sentensi yote, safari hii kimoyomoyo.

"Ni kweli?"

"Ndiyo, bwana."

Akataka kujua sababu. Nikamweleza kazi ya mshenga, kwa urefu, maana nilidhani ikielezwa vizuri itaeleweka. Alinisikiliza kwa makini kabisa.

"Katika jambo hili," akauliza, "bibi harusi alikuwa nani?"

Akaikunja barua, akaitia mfukoni mwake.

Saa tisa mchana akaenda sokoni peke yake, akakaa ndani karibu na mafiga ya shangazi kwa muda wa kuvuta sigara moja, ingawa sigara yenyewe hakuhitaji kuiwasha. Alitoka akifuta macho. Wiki ile ile aliitisha baraza nyingine, akauliza maswali yake mwenyewe kwa Kiswahili kibovu, na wanawake wakamjibu moja kwa moja. Ngeli alizichanganya zote. Wanawake walielewa. Amri ikafutwa, na moto ukarudi nyuma ya ghala bovu. Mimi nilihamishiwa chumba cha pembeni kuandika leseni za baiskeli na za mbwa, kazi ambayo haikuhitaji maoni ya mtu, na niliifanya miaka minne.

Shangazi alirudi ufukweni kwa msimu mmoja tu. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kufunga, na la kulia likafuata taratibu. Nilimwomba radhi, tena si mara moja. Kila mara alisema amenisamehe, na nilimwamini, kwa sababu aliendelea kunipakulia kwanza kabla ya wengine.

Mwishowe tukampeleka hospitali Dar es Salaam kwa daktari wa macho, Mzungu aliyefika karibuni. Katika ukoo mzima aliyejua Kiingereza nilikuwa mimi peke yangu, kwa hiyo nilivaa koti, nikafuatana naye, na jina lake lilipoitwa nikasimama kumshika mkono tuingie.

"Wewe kaa hapa, mwanangu," akasema. "Yule binti ataniingiza."

Yule binti alikuwa muuguzi mwanafunzi, ambaye hatukumjua. Nikakaa kwenye benchi nje ya mlango, nao haukufungwa. Daktari hakusema ni moshi, wala hakusema si moshi. Alisema jicho la kushoto limekwisha, na la kulia lina mwaka mmoja, labda miwili. Muuguzi alimgeukia shangazi, akamweleza hivyo hivyo: la kushoto limekwisha, la kulia mwaka mmoja, labda miwili. Shangazi akauliza swali, nalo nikalisikia likienda kwa daktari na jibu likirudi. Kiingereza cha binti yule kilikuwa na makosa mengi. Niliyahesabu, kwa mazoea, mpaka nikafika saba, kisha nikaacha.