Sarafu ya Mia Mbili ya Seifu Mbwambo

Saa kumi kasoro dakika kumi alasiri. Seifu Mbwambo ameketi kwenye stoo ya vitambaa, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Anatazama kiti kitupu.

Mbele yake pana meza ya plastiki, vipaza sauti viwili na simu iliyoegeshwa kwenye chupa ya maji. Kuta hazionekani. Majora ya vitambaa vya mapazia yamepangwa kutoka sakafuni hadi darini, nayo ndiyo yanayozuia honi na spika za wauza dawa za panya zisisikike humu. Chini mji unapiga kelele. Huku juu mtu anasikia pumzi zake mwenyewe.

Mkono wake wa kulia uko mfukoni. Unachezea sarafu.

“Amesema atakuja,” anasema Severa Mushi, mwenye stoo, akiwa mlangoni na utepe wa kupimia shingoni. “Ila haji kuongea na wewe. Anakuja kuwaaga wasikilizaji, basi.”

Seifu anaitikia kwa kichwa.

Kwa miaka sita, kila Alhamisi saa kumi, yeye na Theophil Mushi, mdogo wake Severa, wameketi hapa na kupiga soga mubashara mtandaoni. Kipindi wanakiita Kijiwe cha Majora. Hawaandiki kitu. Mmoja anakuja na jambo la ajabu alilolisoma, mwingine analipinga mpaka jua linazama.

Wamewahi kubishana saa nzima juu ya pweza mwenye mioyo mitatu. “Mioyo mitatu,” alisema Theophil, “halafu mtu wa Dar anakunywa supu yake atafute nguvu ya kumudu moyo mmoja!” Siku nyingine ilikuwa simu. Seifu alilalamika kwamba alitaja godoro mbele ya simu yake, na kabla ya magharibi simu ikaanza kumuuzia magodoro. “Na mimi nimetaja utajiri miaka ishirini,” akajibu mwenzake, “mbona hainiuzii?”

Wanaowasikiliza ni mafundi cherehani, madereva wa bajaji na mama lishe, kama elfu nne kwa wiki. Tangazo la duka la mapazia linawaletea laki mbili kwa mwezi, wanagawana. Haiwalishi. Theophil anauza mabomba na koki. Seifu, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, ana meza ya viatu vya mitumba Mchikichini. “Siku njema naondoka na elfu thelathini,” anasema. “Siku mbaya naondoka na vumbi la viatu.”

Ni kwenye meza hiyo walikojuana. Theophil alichagua kiatu, akauliza jina la muuzaji, akasikia Mbwambo. Papo hapo akakitupa chini. “Mpare! Utaniuzia kimoja leo, cha pili unifungulie kesi!”

Wapare na Wachaga ni watani tangu enzi za mababu: Mpare hutaniwa kwa kupenda kesi, Mchaga kwa kupenda pesa. Mpare wa Usangi aliyezaliwa Magomeni na Mchaga wa Kibosho hawakuhitaji mtu wa kuwatambulisha.

Utani huo una raha yake, na una kazi yake. Kazi kubwa kuliko zote ni ya msibani, pale mtani anapotakiwa kuwachekesha waliofiwa wakati hakuna mwingine anayethubutu. Kazi hiyo ndiyo iliyomshinda Seifu.

Candida, mke wa Theophil, aliugua figo mwaka mzima. Hakukosa kusikiliza kipindi hata kimoja. Alhamisi moja mada ilikuwa akili mnemba, na kama kompyuta itawanyang'anya wachekeshaji kazi. Theophil alisema, “Itachekesha, sikatai. Lakini itakuwa mtani wa nani? Itapanda basi kwenda kuzika?”

Wiki mbili baadaye Seifu alikwenda kumwona hospitalini. Candida alikuwa amesikiliza. Alimshika mkono.

“Mtani, siku yangu ikifika nisizikwe kimya. Nijaribiwe kwa sarafu.”

Kila Mtanzania anaujua utani huo: kabla ya kumfukia Mchaga, dondosha sarafu karibu naye. Asipoinuka kuiokota, basi kweli amekufa.

“Nikamwambia, nitakudondoshea, wala usijali,” anakumbuka Seifu. “Akacheka huku ameziba mdomo kwa kanga. Ndivyo alivyokuwa akicheka.”

Alizikwa Kibosho, pembeni mwa migomba, mvua ikinyesha. Jeneza lilipokwisha kushushwa, mzee wa ukoo alinyoosha fimbo. “Mtani yuko wapi? Hatufukii mpaka aridhike.” Watu waligeuka. Baadhi yao walikwishaanza kutabasamu.

Seifu alisogea ukingoni, sarafu ya shilingi mia mbili ikiwa mkononi. “Nikaiona ile kanga yake, imetandikwa juu ya jeneza,” anasema. “Mkono ukagoma kufunguka.” Badala ya kutania, akalia. Alilia kwa sauti mpaka vijana wawili wakamshika mabega. Watu wakasubiri kidogo. Kisha wakafukia.

Waliporudi Dar, Theophil alimwambia maneno machache tu. “Waliaji nilikuwa nao mia tatu. Mchekeshaji nilikuwa naye mmoja.”

Hizo ni wiki tisa zilizopita. Hawajasemezana wala kurusha kipindi tangu hapo.

Ngazi zinalia. Theophil anaingia, shati jeusi, ndevu hazijanyolewa.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba, baba. Kaa.”

Anaketi. Kwa Seifu hatazami. Severa anabonyeza simu, kitaa chekundu kinawaka.

“Kijiwe cha Majora, mambo vipi,” anaanza Seifu. Hakuna anayemjibu “poa”. Anaendelea peke yake. “Leo nimesoma jambo. Wajapani wana chungu cha kutegea pweza, shingo nyembamba, tumbo kubwa. Sasa madaktari wao waligundua kwamba mtu akipata pigo la ghafla, labda amefiwa, moyo wake unaweza kuvimba ukawa na umbo la chungu kile. Si msemo. Wanapiga picha wanauona.”

Kwenye kioo cha simu ujumbe wa wasikilizaji unapanda: Theo yupo? Mbona anaongea mmoja tu? Kuna usalama hapo?

“Wengi hupona,” anasema Seifu. “Moyo unarudi. Ila sijaona walipoandika unarudishwa na nini.”

Theophil anavuta kipaza sauti chake. “Wasikilizaji, mimi ni Theophil. Nimekuja kuaga. Miaka sita inatosha. Kipindi hiki—”

Seifu anatoa mkono mfukoni na kuufungua.

Sarafu inagonga meza. Katika stoo isiyoingia sauti, inalia kama kengele ya kanisa. Inajiviringisha, inapita chini ya kipaza sauti, inazungukazunguka mbele ya Theophil, inalala.

Severa ameziba mdomo. Theophil anaitazama sarafu. Msikilizaji mmoja anaandika kwamba matangazo yamekatika.

“Mia mbili?” anauliza Theophil, polepole.

“Ndiyo.”

“Mke wangu mimi, Candida, aamke kwa mia mbili?”

“Hali ngumu, mtani.”

“Candida kwa mia mbili hageuzi hata shingo!” Sauti imepanda. “Ndiyo maana ilikushinda kule. Uliona aibu mbele ya ukoo mzima!”

“Sikuona aibu. Niliogopa.” Safari hii maneno yanamtoka Seifu. “Niliogopa ataamka kweli, aseme ongeza. Na mimi nilikuwa na hiyo hiyo moja.”

Theophil anatoa mlio kama wa mtu aliyepaliwa. Ni kicheko. Kinamtikisa mabega, anashika ukingo wa meza, chupa inaanguka, simu inaanguka nayo. Kicheko kinageuka kuwa kilio, na elfu nne wanakisikia chote kutoka sakafuni, maana hakuna anayekumbuka kuiokota.

“Tangu tumezika hakuwa amelia,” anasema Severa baadaye, akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha pazia. “Hata tone. Nilikuwa nalala nikimwogopa.”

Theophil hakuaga siku hiyo. Hakusema pia kwamba amesamehe. Alichosema wakiteremka ngazi ni, “Deni lako liko Kibosho, haliko Narung'ombe.”

Seifu anakubali. Mwezi wa Desemba, Wachaga watakapofunga maduka na kupanda mlimani kwao Kilimanjaro kwa Krismasi, naye atapanda. Kila Jumamosi anatenga elfu tano ya nauli kwenye kiatu cha mguu mmoja kilichokosa mwenzake. Atasimama penye kaburi, mbele ya yule mzee wa fimbo, na kufanya kazi aliyoombwa.

“Awe na mia tano,” anaingilia Theophil, bila kugeuka. “La sivyo ukoo unampeleka mahakamani.”

“Mahakamani?” Macho ya Seifu yanang'aa. “Basi naondoka kesho.”

Sarafu hairudishi mfukoni. Iko mezani ikingoja Desemba, katikati ya vipaza sauti viwili. Severa akifagia anaizunguka.

“Si yangu tena,” anasema Seifu. “Ni ya Candida. Mimi namfikishia tu.”