Namba Nilizozinyoosha

Kazi yangu ni kuchoma magunia. Ghala letu liko Busia, upande wa Uganda. Kabla mahindi hayajavuka kwenda Kenya, nachukua bambo, kile chuma chenye ncha na tundu, nachoma gunia, na punje zinateremka kiganjani. Nazipima unyevu kwa mashine, maana mahindi mabichi huota ukungu wenye sumu, kisha naandika namba kwenye orodha. Sikuvuka shule ya msingi, lakini mwandiko wangu unasifiwa, kwa sababu naandika polepole.

Wiki ya kwanza niliandika nilichokiona. Gunia moja katikati ya lori lilikuwa bichi kuliko mengine. Msimamizi akacheka mbele ya wapagazi wote. "Kijana, hii namba yako inaruka kama chura! Wakenya watarudisha lori zima. Nyoosha." Nikanyoosha, nikaandika namba inayofanana na za jirani zake. Baada ya hapo sikuhitaji kuambiwa.

Dada yangu anasoma fizikia chuoni. Mwaka huu alikuja nyumbani, kijijini Kwapa, na daftari lililonyeshewa kwenye bodaboda. Ndani alikuwa amenakili kwa penseli vipimo vya kiini cha atomu ya kaboni.

"Fundi wa mwandiko, ninakilie kabla havijafutika," akaniambia. "Jumatatu nasimama navyo mbele ya walimu."

Nikamuuliza kiini ni kitu gani.

"Ni kama gunia lako, ila dogo mno, hakuna bambo la kulichoma. Basi wanakirushia elektroni, nyingi sana, halafu wanahesabu ngapi zimepinda kidogo na ngapi zimepinda sana. Hapo ndipo unapojua ukubwa wake."

"Bila kukifungua?"

"Bila kukifungua, bwana mkubwa."

Nilikaa kibarazani asubuhi nzima nikinakili. Kila pembe ya kupinda ilipoongezeka, hesabu ya elektroni ilipungua, na mimi nikaifuata kwa raha. Kwenye ukurasa wa pili hesabu ikaporomoka karibu na sifuri, kisha kwenye pembe iliyofuata ikapanda tena. Dada alikuwa jikoni anacheka na mama. Niliona haya kwenda kumuuliza. Nikadhani penseli yake imekosea, na sikutaka walimu wamcheke kama nilivyochekwa mimi. Nikanyoosha. Namba chache tu, zikashuka taratibu kama ngazi. Zile kurasa zilizolowa zikatumika kuwashia jiko.

Jumamosi akachora mchoro wake. Akaukodolea macho, akafuta, akachora tena.

"Shimo liko wapi?"

"Shimo gani?" mama akauliza.

"Hesabu inashuka mpaka shimoni halafu inapanda. Mahali pa shimo ndipo panaponipa ukubwa wa kiini. Bila shimo sina kitu, mama. Nilinakili vibaya kule chuoni. Mimi ni mjinga kweli."

Mama akamwambia anywe chai kwanza. Akanywa, na mimi nikanywa, na katika kikombe kile chote nilimwacha ajiite mjinga. Kilipoisha nikasema, "Dada, shimo nimelifukia mimi."

Hakunigombeza. Nikajitolea kumwandikia zile namba kwa kichwa, maana nilizikumbuka zote. Akakataa. "Unachokumbuka si kipimo. Nakwenda chuoni leo, nizitoe upya kwenye kompyuta." Tulikuwa tumepanga akae mpaka Jumapili, na mama alishamfungia kuku.

Akiwa anakunja nguo akaniuliza, "Lakini kwa nini?"

"Kazini ndivyo tunavyofanya."

Mikono yake ikasimama. "Kazini? Na yale mahindi?"

Mama alikuwa anasonga posho, ugali wa mahindi. Akageuka na mwiko mkononi, akanitazama. Nikaangalia miguu yangu mpaka bodaboda ikaja.

Jumatatu, saa ambayo dada alikuwa mbele ya walimu wake, nilichoma gunia likatoa punje bichi zinazonuka ukungu. Niliandika namba yake ilivyokuwa. Msimamizi alipopita na kidole chake juu ya orodha, kikasimama hapo. Akaniita, nikaenda. Sikuona fahari yoyote. Orodha za nyuma zote zilikuwa zimeshavuka mpaka na magunia yake, na watu wameshakula.