Racheti Niliyoiosha kwa Mswaki

Harufu ya parafini iliyochanganyika na sabuni ya unga hunirudisha moja kwa moja kwenye mtaa wa Doornfontein, kwenye ngazi ya nyuma ya lori jeupe, sketi yangu ya shule imelowa. Nikuambie mapema ili usije ukashangaa: mimi ni mtu wa wasiwasi. Ujumbe mfupi wa simu nausoma na kuusoma tena kabla ya kuutuma. Vikombe vyangu kabatini vyote vinatazama upande mmoja. Kwa miaka mingi niliamini kwamba najua tabia hii ilianzia wapi, na hata niliionea fahari.

Papa, baba yangu, alikuwa fundi magari. Alikuja kutoka Uvira, akakodi nafasi ya gari moja katika gereji ya mafundi wengi, si mbali na chumba chetu cha mtaa wa Bertrams, kwa hiyo baada ya shule nilikwenda huko kumngoja. Mwenye gereji alikuwa na sharti moja tu: fundi asiye na vifaa vyake ampishe mwingine. Na kifaa kikuu cha Papa kilikuwa racheti ndefu, ule mpini wa chuma unaolia kriki-kriki ukifungua nati. Bila hiyo, nati nzito za chini ya teksi hazikutikisika, na Papa aliishi kwa kutengeneza teksi.

Basi racheti ikavunjika meno ya ndani. Mpini ukawa unazunguka bure, bila hata kulia. Papa akaanza kuazima ya jirani yake, Kasongo, fundi wa Lubumbashi ambaye mdomo wake haukujua kupumzika.

"Leo tena?" Kasongo aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Racheti yangu itaanza kukuita baba!"

Watu walicheka, Papa naye alicheka, lakini mwenye gereji hakucheka. Alisema mwisho wa mwezi ataangalia nani anafaa kubaki. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Tumaini letu likawa lori. Kila Alhamisi mchana muuzaji wa vifaa alipita mtaani kwetu, mzee mzungu wa Kiafrikana mwenye kaptura na soksi ndefu, tuliyemwita Oom Deon, yaani mjomba Deon. Ndani ya lori lake mlikuwa na duka zima: taa nyeupe, droo nyekundu, soketi zimepangwa kwa ukubwa kama wanafunzi mstarini, na harufu ya mpira mpya. Mimi niliona ni mahali patakatifu. Vifaa vyake vilikuwa na waranti ya maisha: kikivunjika, anakichukua na kukupa kipya, mradi hukukitesa. Na mateso makubwa kuliko yote ni kuchomeka bomba kwenye mpini ili urefuke na kupata nguvu zaidi. Mafundi wote walilijua sharti hilo, na mafundi wote walikuwa na bomba nyuma ya mlango.

Mimi sikulijua. Nilichojua ni kwamba mwalimu wetu hakupokea daftari chafu. Nikawaza: Oom Deon atapokeaje racheti nyeusi kwa grisi namna hii?

Alhamisi hiyo Papa alikuwa chini ya teksi, miguu tu inaonekana. Nikachukua racheti mezani, nikaitia kwenye kopo la parafini, kisha maji ya sabuni, nikaisugua kwa mswaki wa zamani mpaka vidole vikajikunja. Grisi ya miaka ikatoka kama ngozi ya nyoka. Karibu na mwisho wa mpini nikakuta mstari uliouzunguka wote, kama pete. Nikafurahi sana. Nilidhani ni urembo wa kiwandani, nikausugua zaidi ya sehemu nyingine zote ili ung'ae.

Lori lilipopiga honi, Papa alitoka chini ya gari, akaiona racheti mikononi mwangu. Uso wake ulibadilika, na mimi nilidhani ni mshangao wa furaha. Hakukuwa na muda wa kusema kitu. Tayari nilikuwa nimepanda ngazi na kumkabidhi Oom Deon kwa mikono miwili.

Oom Deon aliigeuza kwenye mwanga. Kidole gumba chake kikateleza juu ya mpini, kikafika kwenye pete, kikasimama. Mafundi waliokuwa nyuma yetu wakanyamaza. Hata Kasongo.

"Nani ameiosha?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Mimi," nilisema.

Akanitazama, akatazama sketi yangu, kisha akamtazama Papa. Papa alivua kofia. "Boss," alianza, kwa Kiingereza chake cha kupapasa, "that one, I must tell you..."

"Huyu binti ni msafi kuliko lori langu," Oom Deon alimkata. Akavuta droo, akatoa racheti mpya, akaniwekea mkononi. "Sharp?"

"Sharp," nikasema, yaani sawa.

"Eish!" Kasongo alipiga makofi. "Mama, kesho naleta zangu zote uoshe, mpaka na gari!"

Vifaa vibovu vya wengine Oom Deon alivitupa kwenye kreti, klang. Yetu aliifunga kwa kitambaa na kuisukuma chini ya kiti cha dereva. Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa mrefu kuliko robot, ile taa ya kuongozea magari, kwa sababu racheti yangu ilikuwa safi mno kutupwa na nyingine.

Papa alibaki gerejini miaka mingi baada ya hapo. Aliniacha nioshe kila kitu, isipokuwa kifaa kilichovunjika. "Acha, mama," alikuwa akisema. "Kitu ya kuharibika iende na uchafu yake." Niliona ni uvivu.

Nilijifunza ufundi mwenyewe, kwa video na kwa kubomoa vitu, na mwaka jana nikapata kazi Midrand, kwenye ghala linalopokea vifaa vya waranti. Asubuhi ya kwanza msimamizi alinipa racheti na kitambaa. "Futa mwisho wa mpini kwanza," alisema. "Ukiona pete, ni bomba. Inarudi kwa wakala wa lori aliyeipokea, hasara ni yake."

Nilibaki nimeshika kitambaa. Nililiona lile lori, na kitu kilichofungwa chini ya kiti.

Saa ya chakula nilimpigia Papa. "Ile pete. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na yeye?"

"Alijua. Kidole yake ilisimama pale."

"Mbona hamkuniambia? Maisha yangu yote nimedhani ni usafi ndio uliotuokoa."

Nikasikia kriki-kriki; alikuwa anaendelea na kazi. "Usafi ulituuza, mama, ulifunua ile pete. Lakini wewe ulisimama pale na sketi imelowa. Nani angekunyima?"

Nilirudi mezani kwangu, nikachukua racheti iliyofuata. Mtu alikuwa ameiosha. Hata nafasi za meno zilikuwa zimesuguliwa, na ilinukia sabuni. Niliishika muda mrefu kabla ya kuthubutu kugeuza mpini.